Saa 72 za Jenerali Ogolla

Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, helikopta ya jeshi ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet. Jumapili hiyo hiyo, kabla jua halijazama, Jenerali Francis Omondi Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, alikuwa ameshazikwa kwao Alego, kaunti ya Siaya. Bila jeneza.

Siku tatu, wasee. Hapa Nairobi siku tatu hazitoshi hata kukubaliana nani atakuwa mwekahazina wa kamati ya mazishi.

Naandika hii kwa sababu nimechoka na zile video. Mnazijua. Picha yake akiwa na sare, muziki wa huzuni chini, halafu maandishi: laiti angekuwa hai. Zilianza kupanda sana baada ya tarehe 25 Juni 2024, siku tuliyojaa tao na Bunge likaingiwa, na jioni yake serikali ikatangaza kwamba wanajeshi wanatumwa kusaidia polisi. Tangu hapo kila nchi ikichemka kuna mtu anamfufua Ogolla na kumpa mstari wa kusema. Angetutetea. Angekataa amri. Angefanya hivi, angefanya vile. Shida ya marehemu ni kwamba hawezi kukataa maneno unayomwekea mdomoni. Huyu mzee alikuwa ameshazikwa miezi miwili kabla ya hiyo Juni. Juu ya maandamano yetu hakusema kitu. Kitu alichotuachia kwa uhakika, tena akawaachia watu wake wa nyumbani kama amri, ni jinsi alivyotaka kuzikwa. Na hicho ndicho hakuna mtu anatengenezea video.

Lakini huwezi kuelewa mwisho wake bila kuelewa alipoanzia, kwa hivyo turudi nyuma kidogo.

Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Mamangu alikuwa bado mtoto, mimi sikuwa hata wazo. Usiku wa manane wanajeshi wa Jeshi la Wanahewa walitoka kambini na kujaribu kuipindua serikali ya Moi. Waliteka kituo cha Sauti ya Kenya pale Harry Thuku Road, jengo lile lile ambalo mkipita kuelekea chuoni mnaona bado lina walinzi kama vile wanatarajia mgeni mbaya. Leonard Mambo Mbotela alitolewa nyumbani kwake na kulazimishwa kutangaza kwamba serikali imeanguka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wengine walishangilia barabarani. Maduka ya tao yaliporwa mchana kutwa. Kufikia jioni jeshi la nchi kavu lilikuwa limeuzima moto wote.

Halafu ikaja adhabu. Jeshi la Wanahewa lilivunjwa. Kabisa. Wanajeshi wake walizolewa wakafungiwa, mamia wakapelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, na kiongozi wa jaribio lile, Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini kutoka Nyanza, alinyongwa Kamiti mwaka wa 1987. Kambi ya Eastleigh ikapewa jina la Moi. Ya Nanyuki ikaitwa Laikipia. Hata jina la jeshi lenyewe likaondolewa: walichounda upya kiliitwa Jeshi la Wanahewa la '82, mwaka wa aibu ukibandikwa kifuani kama namba ya mfungwa. Jina la kawaida lilirudi 1994. Miaka kumi na mbili mtu anavaa tarehe ya kosa la wengine.

Sasa fikiria kijana wa miaka 22 kutoka Siaya, anaitwa Omondi, Aprili 1984, anaenda kujiunga na jeshi. Halafu katika jeshi lote anaishia huko huko kwa wanahewa. Miaka miwili tu baada ya mapinduzi. Sitajifanya najua alichokuwa akifikiria. Lakini naijua Kenya, na najua jina la ukoo linavyoweza kukutangulia kufika mahali. Ningekuwa mimi ningetafuta kazi ya benki.

Alipata cheo cha Luteni wa Pili Mei 1985, akaenda Marekani kujifunza kurusha ndege za kivita, akarudi. Miaka ya mwanzo ya tisini alikuwa Yugoslavia ya zamani na kikosi cha Umoja wa Mataifa, mwangalizi wa kijeshi katikati ya majirani waliokuwa wakichinjana. Alisoma Ufaransa. Digrii za Chuo Kikuu cha Nairobi alizipata akiwa tayari ni mwanajeshi, na hapo naomba wale wanaonitumia ujumbe kila wiki kuniuliza narudi kampasi lini wasome tena hiyo sentensi polepole.

Mnamo Julai 2018 akawa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa. Sitaki upite hapo haraka. Jeshi lililovunjwa kwa sababu ya 1982, likaundwa upya chini ya macho ya kutoaminiwa, sasa linaongozwa na kijana aliyeingia wakati ule ule wa kutoaminiwa. Hakuna aliyeandaa sherehe ya kusema mzunguko umekamilika. Aliendelea tu na kazi. Mwaka wa 2021 akawa Naibu Mkuu wa Majeshi.

Na hapa ndipo watu wa video huruka, kwa sababu hadithi inaingia matope.

Agosti 2022, Bomas. Nchi nzima tumekodoa macho kwenye televisheni tukisubiri matokeo ya urais. Baadaye, katika hati ya kiapo aliyoipeleka Mahakama ya Juu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi Wafula Chebukati alidai kwamba ujumbe wa maafisa wa usalama ulimtembelea pale pale Bomas kumshawishi asimtangaze William Ruto mshindi. Ogolla alikuwa kwenye ujumbe huo. Upande wa serikali ya wakati huo ulikana kwamba nia ilikuwa hiyo. Mahakama ikathibitisha ushindi wa Ruto tarehe 5 Septemba, na kila mtu aliyekuwa na akili timamu alijua kazi ya Ogolla imeisha. Angestaafu, angeenda Alego kufuga ng'ombe.

Aprili 2023 Ruto akamteua kuwa Mkuu wa Majeshi. Rais mwenyewe alisimulia hadharani: kwamba huyu ni mmoja wa waliokwenda Bomas kutaka kuupindua ushindi wangu, lakini nilipoangalia wasifu wake nikaona ndiye anayefaa zaidi.

Maoni yangu? Yanaenda pande mbili na sitaki kuyapatanisha. Upande mmoja, manze, hii nchi ingekuwa mbali kama watu wangepewa kazi kwa wasifu. Wangapi hapa mmetuma maombi ya kazi na mkaulizwa kwanza nyinyi ni wa wapi? Upande wa pili, afisa wa jeshi hana biashara yoyote ukumbini ambapo kura zinajumlishwa, hata kama ametumwa, hata kama yeye mwenyewe hakufungua mdomo. Mimi naweza kumheshimu mtu kwa miaka 40 ya kazi na bado niseme siku ile hakufaa kuwa pale. Anayetaka shujaa asiye na doa akatafute katuni.

Alikaa kwenye kiti cha juu chini ya mwaka mmoja. Ofisi ni pale Hurlingham, Ulinzi House, Lenana Road. Kama unapanda mat za kwenda Kawangware umeona ule ukuta mara elfu na hujawahi kuwaza nani yuko ndani.

Aprili 2024 alikuwa ameenda Bonde la Ufa kaskazini kutembelea wanajeshi wanaopambana na majambazi wa mifugo, na kukagua ukarabati wa shule zilizofungwa kwa sababu ya mashambulizi. Helikopta ilipaa kutoka shule ya wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi, na haikufika mbali. Ndani walikuwa watu 12. Wawili walitoka hai. Jioni Ruto alisimama akatangaza kwamba Mkuu wa Majeshi amefariki, na nchi ikapewa siku tatu za maombolezo.

Watu kumi walikufa. Ninyi mnaolia na Ogolla, nitajieni wengine wawili bila kuangalia simu. Basi someni: Brigedia Swale Saidi. Kanali Duncan Keittany. Luteni Kanali David Sawe. Meja George Benson Magondu. Kapteni Sora Mohamed. Kapteni Hillary Litali. Sajini Mkuu John Kinyua Mureithi. Sajini Cliphonce Omondi. Sajini Rose Nyawira. Kila mmoja wao ana nyumba ambayo Alhamisi hiyo simu iliita.

Jumamosi tarehe 20 ibada ikafanyika Lang'ata, uwanja wa Ulinzi. Niliifuata kwenye simu nikiwa kwa kinyozi Kangemi, na kinyozi aliacha mashine ikinguruma hewani wakati watoto wa jenerali walipopanda jukwaani. Hapo ndipo tuliambiwa. Baba alikuwa ameshasema. Azikwe haraka iwezekanavyo, ikizidi sana saa 72. Jeneza la nini.

Fikiria mazungumzo kama hayo mezani kwenu. Mzazi anaweka kijiko chini na kusema: siku nikifa, fanyeni hivi. Kwetu ukianza hiyo mada unaambiwa unaita kifo, umshindwe. Mwanajeshi labda ana nafuu kidogo, kila asubuhi akivaa viatu anajua kuna uwezekano. Lakini naona pia ni mapenzi ya baba. Alikuwa akiwaondolea mke na watoto mzigo wa kuamua siku ambayo hawataweza kuamua chochote. Wengi husema mtu wa familia ni yule anayebebwa na picha za likizo na keki. Huyu alikaa chini na watu wake akawaambia jambo gumu wakati bado kuna vicheko nyumbani, na siku ilipofika wakasimama mbele ya Rais, majenerali na taifa zima bila kubabaika. Walijua cha kufanya. Hawakuhitaji kikao.

Kwa watu wa Siaya hili si jambo dogo, na kuna kisa kinachoonyesha kwa nini. Desemba 1986 wakili wa Nairobi, S. M. Otieno, aliyekuwa akiishi Lang'ata, alifariki ghafla. Mkewe, Wambui Waiyaki Otieno, alisema mumewe alitaka kuzikwa kwenye shamba lao Upper Matasia, upande wa Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, Mluo anazikwa nyumbani, na nyumbani ni Nyalgunga. Kesi ikaingia mahakamani, ikapanda rufaa, magazeti yakaandika kila siku, wakati mwili wenyewe umelala mochari. Miezi mitano. Mwishowe mahakama iliamua mila ishike, na Otieno alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mkewe hakwenda.

Jenerali mmoja, wakili mmoja, kaunti moja. Mmoja aliacha ubishi wa miezi mitano na mwingine akazikwa siku ya nne. Tofauti naiona hivi: Ogolla hakugombana na mila kuhusu wapi. Alirudi Alego kama mila inavyotaka. Alichogusa ni lini, na kwa bei gani. Na yeye aliwaambia watu wake mapema, kwa namna ambayo hakuna mjomba angeweza kusema alisikia kingine.

Bei sasa. Mimi kazi yangu nyingine, kama hamjui, ni kutengeneza mabango ya michango. Harusi mara moja moja. Matanga kila wiki. Naletewa picha ya marehemu kupitia WhatsApp, mara nyingi imekatwa kutoka picha ya harusi ya mtu mwingine, kuna bega la mgeni pembeni. Naweka jina, tarehe, namba ya kutuma doh, na bajeti. Kwa hivyo nimeona bajeti nyingi kuliko mchungaji. Jeneza. Mochari kwa siku. Basi la kwenda mashambani. Hema, viti, vipaza sauti. Chakula cha siku zote za vikao. Fulana zenye picha. Mpiga video. Kuna familia moja ya huku kwetu niliwatengenezea bango mara tatu kwa marehemu yule yule, kwa sababu kila mchango ulipokaribia kutosha, bili ya mochari ilikuwa imeshasogea mbele. Walimzika wiki ya tano. Mwezi uliofuata mtoto wake wa kwanza hakurudi shule. Bango la karo hakuna aliyeniambia nitengeneze.

Najua mtakachosema, na ni kweli. Ni rahisi kukataa jeneza ukiwa unasafirishwa na ndege ya jeshi, mizinga inalia, Rais amekaa mstari wa mbele. Heshima yake ilikuwa imeshalipiwa. Mtu wa Kawangware akizikwa bila jeneza hakuna atakayesema ni falsafa, watasema watoto wake ni maskini au ni wachoyo. Jeneza la bei kwa wengi ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho mtu analala kwenye kitu kizuri, na sina moyo wa kumcheka mama anayetaka hivyo kwa mwanawe. Tena Waislamu wa Nairobi wanazika siku hiyo hiyo na sanda tangu zamani na hakuna aliyewatengenezea kipindi cha televisheni.

Ila ndiyo maana ilibidi aanze mtu mkubwa. Maskini akizika haraka tunasema amekosa. Mkuu wa Majeshi akizika haraka, hatuna la kusema. Bob Collymore wa Safaricom alifariki Julai 2019 na siku iliyofuata alikuwa amechomwa Kariokor. Mwezi huo huo tukampoteza Ken Okoth, mbunge wa Kibra, na yeye pia mwili wake ukaenda Kariokor, watu wa Kibra wengine wakiwa bado na hasira kwamba hawakuona kaburi. Na Oktoba 2025 Raila Odinga alipofariki India, familia ilitangaza wosia wake: saa 72. Ilipita kidogo kwa sababu nchi haikutaka kumwachilia, lakini Jumapili alikuwa amelala Bondo. Mtu ambaye angeweza kuombolezwa mwezi mzima na hakuna angelalamika.

Ukitoka Kangemi ukashuka hadi tao, kwenye Kenyatta Avenue kuna ile sanamu ya askari watatu wa vita vya kwanza vya dunia. Hawana majina. Ni sura tu za Waafrika waliobeba bunduki na mizigo ya wengine, na watu wanakaa chini yao kusubiri tarehe ya mapenzi au kuuza laini za simu. Hatujui walitaka kuzikwa vipi kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Mimi nimeuliza. Juzi jioni, mamangu akichambua mboga, nikamwambia hii habari yote ya jenerali, saa 72, bila jeneza, watoto wasibaki na deni. Akasikiliza hadi mwisho. Akasema huyo alikuwa mzee wa maana sana na Mungu amlaze pema. Halafu akasema yeye anataka wiki nzima, kwaya ya akina mama wa kanisa lake na wala si ile ya vijana, chai iwe ya maziwa, na jeneza liwe na kile kidirisha cha kioo ili dada yake wa Webuye amwone vizuri kwa sababu hawajaonana miaka mingi. Na nisimletee mambo ya majenerali.

Nimeandika yote kwenye daftari. Hata ile ya chai.